Ulimi Haupimi Methanoli

Katika wiki ya kwanza ya Mei 2014, Hospitali ya Embu ilijaa watu ambao siku moja au mbili kabla walikuwa wameketi na marafiki zao wakinywa. Wengine walikuwa wakitapika, wengine wameshika tumbo, na wengine walisema macho yao hayaoni. Habari za namna hiyo zilitoka pia Kiambu, Kitui, Makueni na Murang'a, lakini Embu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizolia zaidi. Kileo kilichotajwa kilijulikana kwa jina Countryman, na serikali ikatangaza kwamba kilikuwa na methanoli. Madaktari wa shirika la MSF, ambao walishirikiana na Wizara ya Afya katika kuwatibu waathiriwa, waliandika baadaye kwamba wimbi hilo la Mei lilikuwa na wagonjwa wapatao 341 nchini, na 100 kati yao wakafa. Julai ya mwaka huo huo likaja wimbi la pili: wagonjwa 126, vifo 26.

Naieleza habari hii kwa sababu siamini kwamba waliokufa walikuwa wajinga kuliko mimi au wewe, ndugu msomaji. Kila mmoja wao alikuwa na njia yake ya kukagua kinywaji kabla ya kukimeza, kama sisi sote tulivyo na njia zetu. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja kati ya njia hizo iliyokuwa ikipima methanoli.

Hebu tuzitazame. Ya kwanza ni ulimi. Mnywaji wa miaka mingi husema anaijua pombe mbaya kwa ladha. Lakini methanoli haina rangi, harufu yake ni ya kileo, na ikichanganywa na ethanoli, yaani kile kilevi cha kawaida cha bia na chang'aa, ulimi hauna pa kushika. Ya pili ni moto: kumimina kidogo kwenye kijiko, kuwasha kiberiti, na ukiona mwali wa buluu unasema mambo ni safi. Methanoli nayo huwaka mwali wa buluu, tena hafifu kiasi kwamba mchana huuoni vizuri. Ya tatu ni jina. Kinywaji chenye jina huonekana kuwa na mwenyewe, na chenye mwenyewe huonekana kuwa na mtu wa kukilinda. Ya nne ndiyo inayonisikitisha zaidi, nayo ni mwenzako. Fulani alikunywa jana jioni, na leo asubuhi umemwona akienda shambani na jembe begani. Basi ni salama.

Hapo kwenye njia ya nne ndipo sumu hii ilipowazidi watu akili, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Methanoli yenyewe, ikiingia mwilini, humlewesha mtu kama pombe nyingine, tena kwa unyonge. Kinachoua huja baadaye. Katika ini kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, na kimojawapo kazi yake ni kuivunja pombe. Kikikutana na ethanoli huibadilisha hatua kwa hatua hadi kuwa kitu ambacho mwili unaweza kukitumia. Kikikutana na methanoli huigeuza kuwa fomaldehaidi, ambayo nayo hugeuka haraka kuwa asidi ya fomiki. Asidi hii ndiyo inayoushambulia mshipa wa fahamu wa jicho, ikaichachusha damu na kuzizima seli za ubongo. Kazi hiyo huchukua muda, mara nyingi saa 12 hadi 24. Na kama kinywaji kilikuwa na ethanoli pia, kimeng'enya cha ini huanza na ethanoli kwanza, kwa hiyo methanoli hungoja. Mtu anaweza kukaa siku nzima na zaidi bila dalili ya maana.

Kwa hiyo yule mwenzako uliyemwona na jembe asubuhi hakuwa ushahidi wa chochote. Alikuwa ndani ya zile saa za kungoja. Waliomwangalia yeye wakaamua kunywa walifanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye busara angeifanya, ila hesabu yenyewe ilikuwa na shimo ambalo hakuna aliyewaonyesha.

Kisha dalili zikaanza, nazo zikapewa majina mengine. Kichwa kikigonga, ni hangova. Kutapika, ni kwamba hakula kabla ya kunywa. Akihema kwa haraka, amechoka. Macho yakiona ukungu mweupe, kama mtu anayetazama kupitia karatasi ya nailoni, amelewa bado. Mwacheni alale, kesho atakuwa sawa. Hiyo ya macho ndiyo dalili ambayo haikupaswa kupita hivi hivi. Hangova ya kawaida haimpofushi mtu. Ukimsikia mtu aliyekunywa jana akisema leo taa ni hafifu, au nyuso zina ukungu, hapo hakuna cha kusubiri wala cha kulalia. Na wapo waliotafuta glasi nyingine ya kutoa loki, yaani ya kuituliza hangova. Pombe ya kawaida huichelewesha methanoli kweli, na kwa sababu hiyo madaktari huitumia ethanoli kama dawa, kwa kipimo, wakimfuatilia mgonjwa saa baada ya saa. Mtu anayejitibu mwenyewe kwa kuirudia chupa ile ile anajiongezea sumu, na akipata nafuu ya muda anapoteza zile saa ambazo hospitali ingemwokoa.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa Kenya. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao katika vitongoji vya Mukuru, kwa kileo chenye methanoli, na wengine wakabaki vipofu. Mwaka 2005 watu zaidi ya 40 walikufa Machakos, mwendo wa saa chache tu kutoka Embu. Baada ya misiba hiyo na mingine, sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliihalalisha chang'aa, mradi itengenezwe kwa leseni na iuzwe katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Nia ilikuwa njema: iache kujificha, ikaguliwe. Lakini chupa ya kioo, stika na leseni hupima kama mtu amefuata utaratibu. Hazipimi kilichomo ndani, isipokuwa kama kuna mtu anayechukua sampuli mara kwa mara na kuipeleka maabara. Miaka minne baadaye Embu ikazika watu wake.

Maabara za Mkemia wa Serikali ziko Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mashine zao zinaweza kuitenganisha methanoli na ethanoli bila ubishi wowote. Ila kutoka Embu au Meru sampuli hiyo inasafiri, inapanga foleni, na majibu yanarudi wakati matanga yameshaanza. Ndiyo maana kila msiba wa namna hii unapotokea husikika swali: je, hakuna kipimo kidogo ambacho afisa wa afya, mwenye baa, au hata mnywaji mwenyewe angeweza kukitumbukiza katika glasi?

Kipo cha aina hiyo, na habari yake inaanzia kwa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho.

Ipo chachu, ya ukoo mmoja na hamira ya mandazi ingawa ni jamii nyingine, inayoitwa Pichia pastoris. Chachu hii huweza kuishi kwa kuila methanoli. Kinachotuua sisi, kwake ni chakula. Miaka ya 1970 kampuni ya mafuta ya Marekani, Phillips Petroleum, iliikuza ikitafuta kutengeneza lishe ya mifugo kutoka kwayo. Inaweza kuila methanoli kwa sababu ina wingi wa kimeng'enya kinachoitwa alkoholi oksidesi, ambacho huichukua methanoli pamoja na oksijeni na kutoa fomaldehaidi na haidrojeni peroksaidi. Hiyo peroksaidi ndiyo inayowafaa wapimaji: ukiweka kimeng'enya cha pili na rangi maalumu, ukijani au ubuluu hutokea pale peroksaidi ilipo. Ukikausha mchanganyiko huo juu ya kipande cha karatasi, umepata kihisio cha kibiolojia. Kiumbe kidogo kimekuazima pua yake.

Watu wengi wanaishi na kihisio cha namna hii nyumbani bila kukiita hivyo. Mashine ya kupima sukari, ile ya kuchoma kidole na kudondosha damu kwenye ukanda, hutumia kimeng'enya cha kuvu au cha bakteria. Mmarekani Leland Clark alieleza wazo la kuunganisha kimeng'enya na kipimo cha umeme mwaka 1962, na leo kanda hizo huuzwa katika maduka ya dawa.

Basi mtu atasema, tupewe karatasi za Pichia, kila baa iwe na boksi, na methanoli itakuwa imekomeshwa. Nami nilivyosoma habari za chachu hii kwa mara ya kwanza, hilo ndilo wazo lililonijia. Lakini hapa pana mtego wa pili, na ni ule ule wa kwanza uliovaa koti la maabara.

Alkoholi oksidesi huipenda methanoli, ila haiikatai ethanoli. Ni kama ng'ombe anayependa nyasi za napia lakini ukimwekea mabua ya mahindi anayala pia. Ukiona hori liko tupu huwezi kujua lilikuwa na nini. Kanda zinazopima pombe kwenye mate hutumia kimeng'enya hiki hiki, na zinafaa kwa kazi yake, ambayo ni kujibu kama mtu amekunywa. Zitumbukize katika kileo chenye ethanoli asilimia 40 na methanoli asilimia 3, rangi itatokea. Zitumbukize katika kileo kisicho na methanoli hata tone, rangi itatokea vile vile. Swali uliloliuliza ukanda huo ni kama hapa pana pombe. Jibu lake ni ndiyo, na ni jibu la kweli, lakini halikusaidii.

Kuna hatari iliyo kubwa zaidi ya hiyo. Kimeng'enya ni protini, na pombe kali huiharibu protini. Ukichovya ukanda katika kileo kikali bila kukizimua kwa maji kwanza, kimeng'enya kinaweza kufa kabla ya kufanya kazi. Karatasi inabaki nyeupe. Mtu aliye na haraka ataisoma nyeupe hiyo kama habari njema. Ukanda uliokaa juani kwenye dashibodi ya gari huko Mbeere, au ulioachwa bila kufunikwa wakati wa mvua, unaweza kufanya hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo kipimo cha maana huenda na viwili vya kukisindikiza: kimoja cha sampuli unayojua ina methanoli, uone kama rangi inatokea, na kingine cha sampuli unayojua haina, uone kama inabaki nyeupe. Bila hivyo viwili, karatasi ni kijiko na kiberiti kwa sura nyingine.

Mtego wa methanoli na ethanoli una njia ya kuutegua. Methanoli ikivunjwa hutoa fomaldehaidi, ilhali ethanoli ikivunjwa hutoa asetaldehaidi. Bakteria anayeitwa Pseudomonas putida ana kimeng'enya kinachoitambua fomaldehaidi na kuigusa asetaldehaidi kidogo sana. Kwa hiyo watafiti huvipanga viwili: chachu huanza, bakteria hufuata, na ni ile alama ya bakteria inayosomwa. Hapo swali limebadilika, sasa ni kama hapa pana kitu kinachogeuka fomaldehaidi, na hilo ndilo swali la Embu. Kazi ya kukifanya kipimo kama hicho kihimili joto na mikono ya watu wenye haraka ingewafaa vijana wa kemia na biolojia katika Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Meru cha Sayansi na Teknolojia, maana wao wanaijua misiba hii kwa majina ya majirani.

Kama unadhani nazidisha woga kuhusu vimeng'enya visivyochagua vizuri, itazame habari ya mashine za sukari huko Marekani. Baadhi ya kanda zilitumia kimeng'enya cha bakteria wa jamii ya Acinetobacter ambacho kilipima sukari ya damu vizuri na kwa haraka, ila hakikuweza kuitofautisha glukosi na maltosi. Kwa mtu wa kawaida si kitu, kwa sababu damu yake haina maltosi ya kutaja. Lakini wapo wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kupitia tumboni kwa maji yenye dawa inayoitwa aikodekstrini, na mwili huivunja dawa hiyo ikawa maltosi. Mashine ilipowapima ilisoma maltosi kama sukari na kuonyesha namba ya juu. Wauguzi wakaiamini namba, wakawachoma insulini, na sukari halisi, ambayo haikuwa juu, ikashuka hadi pabaya. Agosti 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa za vifo 13 vilivyohusishwa na kosa hilo tangu mwaka 1997. Na dalili zilikuwepo: mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, ambazo ni dalili za sukari ya chini, huku mashine ikisema iko juu. Kati ya mwili na mashine, iliaminiwa mashine.

Turudi Embu, kwa sababu nafasi nyingine ya kipimo iko wodini, na mimi naona ndiyo ingeokoa wengi kwa haraka zaidi. Daktari anayempokea mlevi aliyezimia usiku hana njia rahisi ya kujua kama ni pombe tu, ni malaria ya kichwani, ni kisukari kilichopanda, au ni methanoli. Kuipima methanoli kwenye damu kunahitaji mashine ambazo hospitali nyingi za kaunti hazina. Lakini asidi ya fomiki, ile inayoua, nayo ina vimeng'enya vya viumbe vidogo vinavyoitambua. Madaktari wa Oslo, akiwemo Knut Erik Hovda, waliandika mwaka 2015 kuhusu kipimo cha kemia kavu cha aina hiyo kwa ajili ya kando ya kitanda: tone la damu, rangi ikitokea, anza matibabu. Matibabu yenyewe si ya ajabu. Ipo ethanoli ya hospitali, ipo dawa ya fomepizoli ambayo WHO iliiingiza mwaka 2013 katika orodha yake ya dawa muhimu ingawa bei yake ni ngumu, na upo usafishaji wa damu kwa mashine ya figo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kushuku mapema. Libya ilipata msiba kama wetu Machi 2013. Katika wagonjwa 1,066 walikufa 101, yaani mmoja kati ya kumi hivi. Katika wimbi letu la Mei alikufa karibu mmoja kati ya watatu. Sitaki kuliegemeza pengo hilo kwenye sababu moja, lakini kila saa aliyolala mtu nyumbani akisubiri hangova imtoke ilikuwa upande wa sumu.

Sasa, ndugu yangu, kama leo jioni mtu wa nyumbani kwako au kwangu anatapika na kusema haoni vizuri, na jana alikunywa, tusianze kwa kumgombeza. Aibu imewaua watu kwa kuwafanya wafiche walichokunywa. Mpeleke hospitali usiku huo huo, na umwambie daktari wazi: amekunywa, alikunywa saa ngapi, walikunywa wangapi, macho yamebadilika. Hao wengine waliokunywa naye watafutwe nyumba kwa nyumba, hata kama wanasema wako sawa, kwa sababu unajua sasa maana ya kuwa sawa katika saa za mwanzo. Mama pima aliyewauzia kileo hicho aulizwe kilitoka wapi, na aulizwe kwa namna itakayomfanya aseme.

Na kile kilichobaki kwenye chupa kisimwagwe wala kisirudishwe. Kifungwe, kiandikwe kwamba ni sumu, kikabidhiwe kwa watu wa afya, na ufuatilie kimefika wapi. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, kaunti inayopakana na Embu. Serikali ilisema kileo kilichowaua kilikuwa kimeshakamatwa kabla, kikahifadhiwa kama kielelezo cha kesi katika kituo cha polisi cha Kiamaciri, kikaibwa humo na kurudishwa kuuzwa.